Hari, Si Hali

Ni mimi niliyebadilisha ile herufi. Si kompyuta. Kwa zaidi ya mwaka mmoja niliwaambia watu, wengine wakiwa na shahada tatu, kwamba kompyuta yangu ina tabia ya kujisahihishia maneno bila kuulizwa, na watu wakanihurumia, maana nani hajawahi kutendwa na kompyuta? Ukweli ni kwamba kompyuta yangu haijui Kiswahili hata cha kuombea maji. Hupiga mstari mwekundu chini ya kila neno, pamoja na jina langu, kisha huniachia mwenyewe. Basi mimi mwenyewe, kwa vidole vyangu, nikinywa chai na kujiona mtu wa maana, nilifuta r na kuandika l. Nilifanya hivyo katika daftari zima.

Inafaa nieleze kwa nini mtu mzima aliyesomea Kiswahili chuo kikuu huwinda r kama anayewinda panya ghalani. Mimi ni mtu wa Bungoma. Kwetu l na r hukaa nyumba moja na kuvaliana nguo. Mwaka wangu wa kwanza chuoni nilisimama darasani kueleza kwamba mahari ya msichana wa kwetu hujadiliwa na wazee wa pande mbili. Nikasema mahali ya msichana hujadiliwa na wazee wa pande mbili. Mhadhiri akavua miwani na kuuliza, "Mahali gani?" Darasa lilicheka mpaka wa darasa la jirani wakaja kuchungulia. Tangu siku hiyo nikawa askari wa l na r. Nilijisahihisha, nikasahihisha ndugu zangu, mahubiri, mabango ya maduka, hata kadi za harusi nilizoalikwa. Nina hakika nimepoteza mialiko kwa ajili hiyo.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kunakili. Watafiti wa mambo ya ardhi walikuwa wakifuatilia chemchemi moja ya maji moto mlimani, juu ya Cheptais, na walihitaji mtu wa kuchapa madaftari yaliyoandikwa kwa Kiswahili na kuyatafsiri kwa Kiingereza. Mimi nilikuwa na chumba Kitale nyuma ya duka la mbegu na dawa za mahindi, kompyuta, na sifa ya kupenda kusahihisha. Wakanipata.

Mlima Elgon ni volkano iliyokufa. Watafiti hukuambia hilo mapema ili usianze kufunga virago. Lakini kilichokufa si lazima kiwe kimepoa, kama ajuavyo kila aliyewahi kukanyaga majivu akidhani moto ulizimika jana. Maji ya mvua huzama kwenye nyufa, yakakutana na miamba yenye joto huko chini, yakarudi juu yakiwa na habari. Njia zake hazionekani, na hubadilika: ufa mmoja huziba, mwingine hufunguka. Hakuna aliyesema mlima utalipuka. Hatari zake ni za kinyumbani. Maji ya kuoga yanaweza kugeuka ya kupikia chai. Penye bonde dogo hewa mbaya hutuama asubuhi isiyo na upepo, na ndama akiinamisha kichwa hakiinui tena. Ardhi uliyokanyaga mwaka jana hulainika. Ndiyo maana wanapima kila siku, mahali pale pale, saa ile ile, hata kama hakuna jipya. Hasa kama hakuna jipya, kwa sababu jipya hulijui mpaka uwe na la zamani la kulilinganisha nalo.

Mpimaji alikuwa mama mmoja anayekaribia miaka sitini, jirani wa chemchemi. Walimpa kipimajoto chenye kamba, saa, kalamu na daftari. Alipima asubuhi na jioni katika vidimbwi viwili. Cha chini kilikuwa vuguvugu. Cha juu kilikuwa karibu na tundu ambamo maji hutokea, na ndicho kilichopendwa: watu walileta wazee wenye maumivu ya magoti na watoto wenye upele, wakawatumbukiza humo na kumshukuru Mungu.

Nilimjua mama huyu kwa mwandiko tu. Herufi zake zilikuwa kubwa na zimesimama wima kama watoto wa gwaride. Kurasa za mwanzo zilikuwa na tarehe, nambari ya joto, mvua imenyesha au la, harufu ya mayai viza ipo au haipo. Kisha, katikati ya masika, ukaja mstari huu: "Kipimajoto kimevunjika juu ya jiwe. Nimewapigia simu. Wamesema barabara ikikauka." Barabara ilichukua muda kukauka. Mama hakuacha kuandika.

"Leo hari imezidi. M 9."

"Hari ya juu imezidi ya chini sana. M 7."

"Hari hii si ya kawaida. Waambieni wakubwa. M 5."

Nikatabasamu. Dada yangu wa Bungoma, nikasema, r zimekuponyoka. Nikazirudisha zote kuwa l, moja baada ya nyingine, kwa huruma ya mtu aliyewahi kuponyokwa.

Sasa msomaji, jaribu kusoma tena sentensi zile ukiwa umeweka l. "Leo hali imezidi." Nikadhani analalamikia maisha, na nani hakuwa akilalamikia maisha? "Hali ya juu imezidi ya chini sana." Hapo nilivutiwa kabisa. Nikaona huku mlimani kuna mwanafalsafa wa matabaka anayetazama wakubwa wakinenepa na wadogo wakikonda. Nilianza hata kupanga insha juu yake. "Hali hii si ya kawaida, waambieni wakubwa." Kweli mama, nikasema, waambiwe! Na ile M nikaamua ni wageni: mgeni, M. Wageni tisa, wageni saba, wageni watano. Nikatengeneza jedwali zuri la wageni waliokuwa wakipungua. Falsafa yote nikaipeleka mwisho wa waraka, chini ya kichwa nilichokitunga mwenyewe kwa Kiingereza: maoni binafsi ya mpimaji.

Ripoti ikatoka. Ilisema msimu ule hapakuwa na rekodi ya joto. Ilisema wageni wa kidimbwi cha juu walionekana kupungua, kwa hiyo hapakuwa na haja ya hatua za haraka. Ilisema pia, kwa upole, kwamba maandishi ya mpimaji yalikuwa na hisia nyingi kuliko vipimo. Wakamshukuru na kumwachisha kazi. Chombo kipya cha kujipimia chenyewe kilifungwa kwenye kijito, karibu na daraja la miti, kwa sababu huko palikuwa rahisi kufunga.

Mpimaji akaja Kitale siku ya soko, amevaa gambuti, ripoti ikiwa ndani ya mfuko wa nailoni.

"Hodi. Wewe ndiye mwalimu wa kompyuta?"

"Karibu mama. Lakini mimi si mwalimu."

"Mtu anayesahihisha watu wazima ni mwalimu. Binti yangu amenisomea hiki Kizungu. Ati nililalamika maisha. Nililalamika lini?"

"Pengine ni tafsiri, mama."

"Niliandika hari."

"Ndiyo, hali."

"Hari."

"Hali, mama. Ndivyo ilivyoandikwa."

Akaniangalia kama anayeangalia uji uliounguzwa. "Wewe msichana, hari unaijua? Joto! Fukuto! Mimi Mombasa nimekaa miaka kumi na minane nikipikia watu. Hari ndiyo ilikuwa inaniamsha. Wewe hiki Kiswahili ulisomea wapi, kwa redio?"

Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na tisa, na hakuna aliyekuwa ameniita msichana kwa muda mrefu, lakini si hilo lililonichoma. Hari na hali ni vitate vya shule ya msingi. Kila mtoto wa Kenya amewahi kuambiwa atunge sentensi kuzitofautisha. Mimi mwenyewe nilikuwa nimewatungia watoto wa watu mtihani wenye swali hilo. Lakini niliposoma mwandiko wa mama wa mlimani, haikunipitia akilini kwamba angeweza kuwa na neno ambalo mimi nilikuwa nimeliacha kwenye karatasi za mtihani.

"Na M?" nikauliza, sauti imeshuka.

"Mkono! Si kipimajoto kilivunjika? Natia mkono, nahesabu. Nikishindwa, natoa, naandika nimefika ngapi."

"Mkono upi?"

"Wa kushoto. Huu wa kulia umeshaiva kwa sufuria za watu, hausikii kitu."

Tisa, saba, tano. Wale hawakuwa wageni waliopungua. Zilikuwa sekunde ambazo ngozi ya mama ilistahimili, siku hadi siku, katika maji ambamo watu walikuwa wakitumbukiza vitoto vichanga.

Hapo ndipo ningesema. Mlango ulikuwa wazi, hapakuwa na mtu mwingine, na neno lenyewe ni fupi: mimi. Badala yake nilinyoosha kidole mezani. "Ni hii kompyuta, mama. Hujisahihishia."

"Hii?"

"Hii."

Akaitazama kwa muda, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu zaidi. "Basi iambie kwamba kile kidimbwi cha juu kitapika mtoto wa mtu." Akafunga mfuko wake na kuondoka bila kunywa chai.

Nilichofanya baadaye ni cha aibu kuliko kosa lenyewe. Niliwaandikia watafiti barua pepe juu ya "hitilafu ya kiufundi katika uchapaji". Kiongozi wao, daktari wa miamba, mtu mpole anayeongea polepole, akajibu kwamba anaelewa, kompyuta ni kompyuta, na kwamba hata hivyo mkono si chombo cha kupimia. Nikafarijika. Nilikuwa nimesema bila kusema. Kila aliyeniuliza baada ya hapo nilimpa kompyuta, na kompyuta, maskini, haikujitetea.

Kilichonitoa Kitale ni habari kwamba mama amekifunga kidimbwi mwenyewe. Kamati ya wenyeji inayosimamia chemchemi ilikuwa imemtumia barua ya onyo, naye akatumia karatasi hiyo kufungia maharagwe. Nikapanda mlima kwenda kuona.

Nilimkuta ameketi kwenye kigoda, beseni la maharagwe mapajani, nyuma yake matawi ya miiba yamezungushwa kidimbwi chote. Mvuke ulikuwa ukipita kati ya miiba. Mbele yake alisimama katibu wa kamati, bwana mwenye koti la suti na gambuti, amekasirika mpaka koti limepanda mabegani.

"Mama, wewe ulifutwa!"

"Ndiyo. Sasa nani atanifuta mara ya pili?"

"Ripoti inasema hapa ni salama."

"Ripoti iingie ioge."

"Watu wanatoka mbali, bana! Wanatoka mpaka Kimilili!"

"Watarudi Kimilili na ngozi yao. Si ndiyo vizuri?"

Wakati huo akaja mwanamke akimshika mkono mama yake mkongwe, na mkongwe akaanza kuyalilia magoti yake hata kabla ya salamu. Mpimaji akainuka kwa heshima, akamsalimu, akamwelekeza kidimbwi cha chini. Mkongwe akakataa, magoti yake, alisema, yalizoea cha juu. "Nyanya, magoti yako nayapenda," mpimaji akamwambia, "ndiyo maana nayanyima supu." Mkongwe akacheka licha ya maumivu, akapelekwa chini. Katibu akaenda zake akiinua simu hewani kutafuta mtandao.

Kisha zamu yangu ikafika. Hakuniuliza nimefuata nini. Alisogeza tawi moja na kusema, "Tia mkono. Wa kushoto. Mpaka hapa kwa kifundo. Hesabu polepole, usidanganye."

Nikatia. Moja, bado ni mtu msomi. Mbili, nikaanza kuelewa ripoti. Tatu, nikasema neno ambalo sikulisomea chuo kikuu, nikauchomoa mkono ukiwa mwekundu kama nyanya. Nikafikiria mtoto mwenye upele, mikono ya mama yake inayomshusha, na jinsi mtoto asivyoweza kuhesabu.

"Mama," nikasema, "haikuwa kompyuta. Ni mimi."

"Najua. Kompyuta haiwezi kuona haya vile."

"Naomba..."

"Sitaki pole yako, itanisaidia nini? Hii miiba katibu ataitoa wiki ijayo na watu wake. Mimi ni mmoja na nalala usingizi kama watu wengine. Nenda ukaseme pale wanasikia Kizungu."

Mahali hapo palikuwa Bungoma, katika ukumbi, siku ambayo ripoti iliwasilishwa kwa wakuu wa kaunti na kamati. Kulikuwa na chai, mandazi, na picha za mlima ukutani. Daktari wa miamba alieleza vizuri, na alipofika msimu wa kipimajoto kilichovunjika akasema kwamba hapo kuna pengo. Nikasimama. Sikuwa nimealikwa kusema; nilikuwa nimealikwa kutafsiri.

Nilisema hakuna pengo. Nilisema mimi ndiye pengo. Nikaeleza hari na hali, M na mgeni, askari wa r na uhalifu wake. Na kwa sababu moyo ulikuwa ukienda mbio, ulimi wangu ukarudi nyumbani. Nikasema "lipoti". Nikasema "hatali". Mtu wa mstari wa nyuma akacheka. Zamani ningekaa chini na kufa kidogo. Siku hiyo nilimgeukia nikamwambia, "Cheka umalize, nitangoja," na nikangoja kweli, mpaka mandazi yakamkaa kooni. Sitamwomba mtu yeyote radhi tena kwa ulimi wangu. Radhi nilizodaiwa zilikuwa za mwanamke mmoja, na yeye alikuwa amezikataa.

Daktari akasema, kwa upole wake, "Lakini dada, mkono si chombo."

"Kipimajoto kilipovunjika mlimwachia nini?"

Akaanza kupekua ripoti.

"Mlimwachia mkono. Yeye ndiye aliyeugeuza chombo. Mkono ule ule, wa kushoto, saa ile ile, maji yale yale, hesabu ile ile, asubuhi na jioni. Haukumwambia ni nyuzi ngapi. Ulimwambia yanapanda, na yalikuwa yanapanda. Chombo chenu kiko kwenye daraja kinapima maji yaliyokwisha kupoa njiani."

Katibu akasimama na kupaza sauti kwamba mama yule ana uchungu wa kufutwa na mimi nina uchungu wa kutojulikana. Nusu ya pili ilikuwa na ukweli kidogo. Afisa mmoja akasema jambo hili ni la kitaalamu, litajadiliwa baadaye. Nikasema baadaye ni jina la mtoto gani, ili nimwambie mama yake asimlete kuoga.

Daktari si mtu mbaya. Aliangalia jedwali langu la wageni kwa muda mrefu, akichora kwa kalamu mstari kupita tisa, saba, tano. Kisha akasema atapanda mwenyewe na vipimajoto viwili, apime kwenye tundu la juu, na mpimaji awepo. Kamati ikamtaka aahidi kwamba akikuta hakuna kitu, miiba itolewe na mama asionekane tena pale. Akaahidi. Nilipotoka, msaidizi wa afisi yao akaniambia kwamba kazi za kuchapa pengine zitapewa mtu mwingine. Nikamwambia wampe asiyejua kusahihisha.

Siku waliyopanda nilikuwa Kitale, uani, nikianika mahindi kwenye turubai na kuyageuza kwa miguu. Sikuwa na kazi nyingine. Nilikuwa nimeiweka simu juu ya ukuta ili nisiitazame, na niliitazama kila mzunguko. Niliwaza mengi. Ufa unaweza kuziba wenyewe. Maji yanaweza kupoa wiki moja kabla ya kupimwa, kama mgonjwa anayepona akifika kwa daktari. Hapo mama angekuwa mwongo mbele ya mlima mzima, kidimbwi kingefunguliwa, na kosa lingekuwa langu hata hivyo.

Ikalia.

"Nimepima mara tatu," daktari akasema. Nyuma yake nilisikia maji na watu wakibishana. "Mara ya kwanza nilidhani kipimajoto ni kibovu, nikachukua cha pili."

"Daktari, niambie tu."

"Haya ni maji ya kunyonyolea kuku. Kuna ufa mpya ubavuni mwa tundu, unaonekana kwa macho. Katibu ametia kidole." Akakohoa. "Hatii tena. Kamati imekubali, tunafunga cha juu sasa hivi, kwa ua wa mbao, na chombo kinahamishwa kutoka darajani. Nilitaka nikwambie kabla sija..."

Simu ikanyang'anywa. "Mwalimu!" Sauti ya mama ilikuwa karibu mno, kama yuko kwenye turubai pamoja nami. "Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Haya, kata. Huyu daktari wako ameshika kamba ya kipimajoto kwa mkono mmoja na mimi sijamaliza kupima."